Dakika Kumi na Sita Zilizopotea Dirishani

Kila siku ya shule, saa saba kasoro dakika kumi, nilikuwa na safari yangu ya siri.

Nachukua sahani kwenye droo ya meza, naifunika kwa daftari la mahudhurio, nazunguka nyuma ya maktaba, napita penye matangi ya maji, naingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Napakua mwenyewe. Natoka. Sijaonwa, sijasemeshwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule hiyo, si mwizi. Naomba mnielewe hapo mapema.

Sasa Jumatatu moja nimeshika upawa, nimeinamia sufuria, mara sauti ikatoka chini ya meza:

"Mwalimu, usisogee! Unaharibu data!"

Upawa uliruka. Sahani iliruka. Nami niliruka, ila mimi nilirudi chini.

Nikachungulia. Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu amejikunja kama paka, simu mkononi inahesabu sekunde, maharage yangu kichwani.

"Unafanya nini huku?"

"Hisabati, mwalimu."

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa aibu. Si ile ya kuringa, aibu yenyewe. Simu ikiita nasubiri ikate, halafu naandika ujumbe: "Ulinipigia?" Chuoni nilisomea ualimu wa hisabati kwa sababu namba hazikukodolei macho. Hakuna aliyenidokeza kwamba nikimaliza nitasimama mbele ya watoto hamsini, yaani macho mia moja.

Nikapangiwa shule ileile niliyosoma. Miezi mitatu kazini, Mkuu wa shule akaniita ofisini.

"Binti, umesikia habari za mashindano ya kimataifa?"

Mkuu wetu alilipenda neno hilo. Angeweza kumwita hata paka wa shule wa kimataifa.

Mashindano yenyewe ni ya kuunda modeli za hisabati, kwa shule za sekondari. Wanafunzi wanne, siku tano, swali moja linalotumwa nchi zote kwa wakati mmoja. Siyo zile hesabu za kutafuta x. Unapewa jambo la maisha, unaligeuza kuwa hesabu, hesabu inakupa jibu, kisha jibu unalirudisha kwa watu. Unaandika ripoti isiyozidi kurasa ishirini, unatuma.

"Wewe utakuwa mlezi wa timu," akasema.

"Kazi ya mlezi ni nini, mzee?" Niliuliza kwa sauti ya mbu.

"Kukaa kimya! Sheria inakataza mlezi kusaidia. Asidokeze, asionyeshe kidole, asikohoe kwa maana. Mwishoni anasaini kwamba hakusaidia. Nimewatazama walimu wote, nikaona kazi hii umezaliwa nayo."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Nikashukuru.

Timu ilikuwa hivi. Kulikuwa na Kikokotoo, kiongozi, msichana anayezidisha tarakimu nne kichwani na kubishana hata na kengele. Kulikuwa na Msanii wa kuchora grafu. Yule wa chini ya meza aliitwa Saa Mbovu, kwa sababu tangu aanze shule hajawahi kufika kabla ya kengele; wenzake wakampa kazi ya kupima muda. Ndiyo dunia.

Wa nne ni Kimya, wa kuandika ripoti kwenye kompyuta. Tangu mwaka uanze nilikuwa nimeisikia sauti yake mara mbili, na moja ilikuwa chafya.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Mnajua kwa nini.

Jumatatu hiyo asubuhi niliwafungulia swali, nikajiondoa. Swali lilisema: *Chagueni foleni moja katika maisha yenu. Ijengeeni modeli, kisha pendekezeni namna ya kuifupisha.* Wakachagua foleni ya chakula cha mchana. Wanafunzi mia tatu, dirisha moja. Saa Mbovu alijificha kwa sababu, alivyosema, mtu akijua anapimwa hubadilika.

Jamani, kati ya foleni zote za dunia! Dirisha lilelile nililokuwa nalikwepa kwa mlango wa nyuma.

Dirishani alisimama Mama Upawa. Ndilo jina tulilompa sisi wanafunzi wa zamani, na wa leo wamelirithi. Ukifika mbele yake anauliza swali moja tu:

"Kingi au kidogo?"

Ukijibu, unapata. Usipojibu, hupati. Kutikisa kichwa hakuhesabiki. Kuonyesha kidole hakuhesabiki. Anaegemea kizingiti, anaweka kiganja nyuma ya sikio, anangoja.

Nikiwa mwanafunzi, kwangu alingoja sana. Nyuma yangu watu wenye njaa wanapiga sahani kwa vijiko. "We dada, umelala?" "Msukumeni huyo, atatuzeesha hapa!" Nami miguu inatafuta pa kukimbilia.

Ndipo Mama Upawa anatoa kichwa nje ya dirisha na kunguruma:

"Nyamazeni huko! Mtu anazungumza!"

Nami bado sijatamka hata herufi.

Basi panakuwa kimya. Watu mia mbili na zaidi, kimya, kwa ajili yangu. Nanong'ona: "Kidogo."

Miaka minne nilisema kidogo. Siyo kwamba nilishiba upesi. Kidogo lilikuwa jibu lisiloleta maneno. Msichana akisema kingi, foleni nzima inageuka kumwangalia tumbo. Naye Mama Upawa alinipa kidogo kwelikweli. Hakuongeza hata punje ya huruma.

"Nimekupa ulichosema, mwanangu. Siku ukisema kingine, utapata kingine."

Nikamaliza shule na cheti kizuri na njaa yangu.

Turudi kwenye mashindano.

Siku mbili walipima, siku mbili wakakokotoa. Walikaa chumba cha nyuma cha maktaba, meza imejaa karatasi na maganda ya karanga. Mimi nilikaa kona kama ndoo ya zimamoto, nipo lakini siguswi.

Alhamisi nilipita nyuma ya Kimya nikifungua dirisha. Macho yakateleza kwenye kompyuta.

*Vipimo ishirini na vitatu vimeondolewa kwa kuwa ni makosa ya upimaji.*

Kikokotoo alikuwa anasoma hitimisho kwa sauti, huku anatembea:

"Kila sahani inachukua sekunde sita. Sahani mia tatu, dakika thelathini. Kama kila sahani ni sawa, anayepakua hana tofauti na bomba la maji. Tunapendekeza chakula kipakuliwe mapema, sahani zipangwe mezani, kila mtu achukue apite. Dakika kumi, watu wanakula. Dirisha lifungwe."

"Bomba la maji!" Msanii akacheka. "Weka hiyo, tamu."

Mimi nikaliacha dirisha nusu wazi.

Dirisha la ofisi ya walimu linatazamana na bwalo. Kila siku naiona foleni ikiisha, na haijawahi kuisha dakika ya thelathini. Inaisha dakika ya arobaini na sita, ukitaka weka saa yako.

Dakika kumi na sita zimekwenda wapi?

Nilijua zimekwenda wapi. Kule kwenye vipimo ishirini na vitatu. Hayakuwa makosa. Walikuwa watu. Walikuwa ni akina mimi.

Nikafungua mdomo.

"Mwalimu, unakohoa?" Kikokotoo akasimama, macho makali. "Maana sheria inasema..."

"Naijua sheria."

Nikaenda choo cha walimu, nikajifungia, nikakieleza kioo kila kitu, kwa mpangilio, na mifano. Kioo kilinielewa vizuri sana.

Ijumaa wakatuma. Nikasaini: *Sikusaidia, sikudokeza.* Katika maisha yangu sijawahi kuweka saini ya kweli kuliko ile.

Jumatatu Mkuu alikuwa ameshaisoma ripoti mara mbili.

"Hii ni kazi ya kimataifa!" akawaambia walimu, akipunga karatasi. "Na hatungoji mpaka majaji waseme. Jumatano watoto watawasilisha bwaloni. Wiki ijayo tunafunga dirisha, tunaweka meza."

"Na Mama Upawa?" akauliza mwalimu wa historia.

"Mkataba wake unaisha mwezi huu. Hatutaurefusha. Mtu wa dirisha wa nini, na dirisha halipo? Ila mwalikeni Jumatano, akae mbele. Ni heshima."

Hapo sheria ilikuwa imeshanifungua mdomo. Ripoti imetumwa, mashindano yamekwisha, naruhusiwa kusema chochote kwa yeyote. Mdomo wenyewe ndio ukagoma.

Jumanne nikapita njia yangu ya matangi ya maji. Safari hii sikubeba sahani. Nilikwenda kumwambia.

Nikamkuta anapiga pasi gauni la kijani juu ya meza ya kukatia mboga, ametandika blanketi chini yake.

"Ingia, mwanangu! Umesikia? Wanangu wameandika habari za dirisha langu, zimekwenda nchi za nje. Kesho nakaa mbele. Unaona gauni? Hili huwa la harusi za watu tu."

Nikasimama mlangoni. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kooni kama foleni yenyewe, hakuna linalotaka kutangulia.

Akaiweka pasi pembeni. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Ulikuja kusema nini?"

"Nimekuja... kuomba chumvi."

 Akanifungia chumvi kwenye karatasi.

"Nimekupa ulichosema."

Ile chumvi ninayo mpaka leo.

Jumatano bwalo limejaa. Walimu mbele, wanafunzi nyuma, Mama Upawa katikati ya mstari wa kwanza na gauni lake la kijani, mikono mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Kikokotoo akawasilisha. Alikuwa moto. Grafu za Msanii zilipendeza, mishale myekundu, nguzo za bluu zote za urefu mmoja. Kila aliposema "dirisha," Mama Upawa alitikisa kichwa kwa fahari. Lile hitimisho la bomba la maji lilikuwa ukurasa wa mwisho. Zilibaki kurasa mbili.

Nikanyoosha mkono.

Nawaambia ukweli, sikuamua. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliutazama kama mkono wa jirani.

"Mwalimu?" Kikokotoo akasita.

Nikasema kitu. Hakuna aliyesikia, hata mimi. Walimu wakaendelea kunong'onezana, wanafunzi wa nyuma wakaanza vicheko. Mkuu akatazama saa yake. "Labda atauliza baadaye. Endelea, binti."

Na hapo gauni la kijani likasimama.

"Nyamazeni huko! Mtu anazungumza!"

Bwalo zima likanyamaza, mpaka Mkuu.

Miaka saba imepita tangu nisimame dirishani mara ya mwisho, na bado alizijua sekunde zangu.

"Modeli inasema foleni inaisha dakika ya thelathini," nikasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa sauti. "Mimi naiona kila siku ikiisha dakika ya arobaini na sita. Dakika kumi na sita zimekwenda wapi?"

Kikokotoo akarudi ukurasa mmoja nyuma. "Kuna vipimo ishirini na vitatu tuliondoa. Vya sekunde arobaini na zaidi. Ni makosa ya upimaji. Saa Mbovu alisinzia."

"Nani alisinzia?" Saa Mbovu akaruka kitini. "Mimi? Chini ya ile meza na mchwa wananitafuna? Mara ya kwanza maishani nafanya kazi kwa wakati, mnanisingizia! Kila sekunde ni halali!"

"Lakini Kimya aliniambia wewe mwenyewe umesema ni makosa!"

"Sijamwambia Kimya kitu!"

Bwalo likacheka. Kikokotoo akageuka. Na nyuma ya kompyuta, yule mtoto ambaye nilijua chafya yake kuliko sauti yake, akasimama polepole.

"Ni mimi niliyevifuta."

Ndugu zangu, siku zote zile nilikuwa namlaumu Kikokotoo moyoni. Nilidhani ni kiburi cha wepesi kwa wazito. Kumbe.

"Kwa nini?" Kikokotoo aliuliza, na safari hii hakuwa mkali.

Kimya akatazama vidole vyake. "Kimoja ni changu. Sekunde sabini na moja. Ulisema tuwatafute hao wanaochelewesha shule nzima, tuwaweke kwenye ripoti. Nikaona..." Akanyamaza. Nikaona watu wanaanza kugeukiana, nikamwona Mama Upawa anaweka kiganja nyuma ya sikio.

Kimya akamwona pia.

"Nikaona afadhali tuitwe makosa ya upimaji kuliko tuitwe wacheleweshaji."

Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa bado nimesimama. Nikaona nikikaa sasa sitasimama tena mpaka nizeeke.

"Na mimi nilikuwa mmoja wao," nikasema. "Pale pale dirishani. Miaka minne. Kupakua chakula ni sekunde sita, hilo Kikokotoo amepata. Sekunde zilizobaki siyo za chakula. Mama anamngojea mtu aseme. Mwanafunzi wa kawaida anasema darasani, anasema uwanjani. Sisi wengine siku nzima tulisema neno moja tu, na tulilisema kwake. Meza haitamngoja mtu. Ni hilo tu. Asanteni."

Nikakaa. 

Mkuu akasafisha koo. Akaitazama ripoti, akaitazama grafu, akamtazama Kikokotoo.

"Tukiviweka vyote viwili? Meza kwa wenye haraka, dirisha kwa wanaolitaka?"

Kikokotoo akafumba macho. "Tuseme mia mbili waende mezani. Mia moja wabaki dirishani, pamoja na wale ishirini na watatu..." Midomo ikacheza. "Dakika ishirini na sita. Dirisha linaisha kwa dakika ishirini na sita, bila kumharakisha mtu."

"Basi!" Mkuu akapiga meza. "Dirisha linabaki, na mwenye dirisha anabaki. Dirisha la kimataifa!"

Watu wakapiga makofi. Mama Upawa peke yake hakupiga. Alikuwa amekunja uso.

"Ngoja kwanza. Kwani mlitaka kunifukuza?"

Mkuu akakohoa.

"Na gauni hili nimevaa?"

Nasikia Mkuu alikula dirishani wiki nzima, na kila siku alipewa kidogo.

Miezi miwili baadaye yakaja matokeo. Hatukushinda. Cheti cha ushiriki mzuri, na chini yake mistari miwili ya majaji, watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga bwalo letu: *Hesabu ni safi. Lakini picha ya foleni mliyoambatisha inaonyesha bado ni ndefu dakika ya arobaini. Dakika zilizobaki zimekwenda wapi?*

Kikokotoo alikasirika siku tatu. Siku ya nne alikata ile karatasi, akaibandika ukutani kule maktaba, juu ya meza yao. Mwaka huu wanashiriki tena. Anayepanga data ni Kimya, na sheria ya timu ni moja: hakifutwi kipimo kabla mtu hajakwenda kukiuliza jina lake.

Nanyi mnaosoma, chukueni hiyo. Kabla hujamwita mtu kosa, muulize anachukua muda huo kwa nini. Na wewe uliye mzito wa kusema kama mimi, mtafute anayeweza kukungojea. Wapo.

Kuhusu mimi, siku moja baada ya ile ya bwaloni, saa saba kasoro dakika kumi, nilichukua sahani yangu kwenye droo. Nikazunguka nyuma ya maktaba kwa mazoea. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Miezi yote ile ulikuwa wazi. Sikuwahi kujiuliza ni nani anayeuacha wazi.

Nikarudi mbele. Nikapanga foleni, mimi na sahani yangu katikati ya wanafunzi, nyuma ya Kimya. Yeye alitumia sekunde kumi na nne. Nilihesabu.

Zamu yangu ikafika. Mama Upawa hakuniuliza habari za mlango. Aliegemea kizingiti.

"Kingi au kidogo?"

Nyuma yangu kijiko kikaanza kugonga sahani. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Kingi, mama," nikasema, na nyuma walisikia. "Na miaka yote ile pia, nilikuwa nataka kingi."